Zamu

Karani tulimnunua Mbuyuni, ndani ya boksi la biskuti,
macho hayajafumbuka vizuri.
Deni alikuja mwaka uliofuata, na jina lake:
Temba alishindwa kulipa magunia mawili ya pumba,
akaleta mbwa kwenye baiskeli, kafungwa kwa mpira,
akasema, chukueni huyu, tusijuane tena.

Miezi kumi walilala gunia moja.
Nikirudi kutoka wodini alfajiri
nawakuta wamesukana miguu na mikia,
sijui huyu anaishia wapi, yule anaanzia wapi.
Nikamwambia mume wangu, ona, ndugu.
Hujaona bado, alisema. Hawajabalehe.

Kisha jike la Mama Ndeonasia akaingia joto
ng'ambo ya ua wa michongoma,
na upepo wa kutoka Rau ukafanya umbea.

Waligombana Jumapili, tumeshavaa za kanisani.
Sikusikia kubweka. Mbwa akikusudia habweki.
Nikamwaga ndoo nzima ya maji ya sabuni,
Elinami akapiga sufuria kwa mwiko,
baba yake akamkamata mmoja miguu ya nyuma
kama mtu anayesukuma toroli.
Alipoachia, kiganja kilikuwa na matundu manne
na hadi leo hatujui ni meno ya nani.
Wote wawili walimtazama kwa macho ya asiyehusika.

Tangu hapo tuna zamu.
Mchana Deni nje, Karani bandani.
Saa kumi na mbili jioni banda linabadilisha mwenyeji.
Bakuli mbili, kona mbili,
nyama ya kichwa ya Jumamosi inagawanywa na ukuta.
Tumebandika karatasi jikoni kama ile ya manesi,
na mgeni akibisha, salamu inasubiri kufuli:
Umefunga? Haya, karibu.

Bwana mifugo Kisanga alisema, nusu saa tu, na elfu arobaini.
Mume wangu alivuta kiti, akakunja miguu.
Siwezi kumfanyia mwenzangu hivyo.
Mwenzako! nikasema. Nikacheka peke yangu.

Lakini na mimi nina zamu. Yeye anakwenda kufungua duka la pembejeo,
mimi ndiyo kwanza navua viatu vya usiku.
Tunapishana getini, funguo zinaingia kiganja kwa kiganja,
kile chenye matundu manne,
na zipo wiki ambazo neno letu refu kuliko yote
ni: Karani ameshaingia?

Mwezi wa saba, baridi ile ya ukungu, aliondoka bila kuniamsha.
Saa sita nikamkuta amekaa chini bandani,
kichwa cha Karani pajani, ulimi nje, dawa bado haijamtoka.
Nimemshikilia mwenyewe, alisema. Sikuangalia.
Kisha akaenda kujilaza, akitembea taratibu,
kama aliyekatwa ni yeye.
Wiki ya pili, Deni. Safari hii hakuna aliyesema kitu.

Mtasema yakaisha.
Kisanga alituonya: kisu kinatoa kokwa, hakitoi kumbukumbu.
Wamenenepa. Jike la jirani akipita wanapiga miayo.
Lakini sikio la Deni lina pengo,
na akilitikisa tu, huku upande wa pili wa wavu
manyoya ya mgongo wa Karani yanasimama mstari mmoja.

Karatasi bado iko jikoni, imelowa mafuta.

Jana niliamka mchana, nyumba kimya, kimya cha kutisha,
nikatoka peku.
Mlango wa banda ulikuwa umesahaulika wazi.
Karani ndani. Deni nje.
Kila mmoja amelala upande wake wa kizingiti,
pua kwa pua karibu,
na hakuna aliyevuka.

Nilisimama na mnyororo mkononi.
Sikufunga. Sikumwita mtu.
Nikageuza ndoo, nikakaa hatua nne kutoka pale,
na kazini nilichelewa nusu saa
nikimsubiri mume wangu aje aone.